Ruta ya faiba niliyofungiwa nyumbani: nzuri, ila imenitoa jasho

Aisee hii ruta spidi yake ikishika ni tamu, shida ilikuwa kushika kwenyewe. Kila jioni watoto wakikaa kwenye katuni waifai inaonyesha mistari yote imejaa ila intaneti hamna, nazima nawasha, inarudi dakika kumi inakata tena, halafu wananiangalia mimi kama ndo nimekata. Huduma kwa wateja ukipiga ni wimbo mmoja tu, zima, subiri sekunde 30, washa. Juzi nikachungulia nyuma ya kabati la tivii nikaona taa ya LOS ya ruta (ile ya kusema mwanga wa faiba haufiki) inawaka nyekundu, kumbe kila droo ya rimoti ikivutwa kabati linasogea linabana ule waya mwembamba wa faiba unaoingia kwenye ruta mpaka unakunjika, na faiba ndani ni kioo jamani, ukiikunja sana mwanga unavujia njiani. Nikauzungusha ukae duara kubwa, nyekundu ikazima, ya PON (ile ya kusema ruta imeshika laini ya faiba) ikatulia kijani. Fundi kaja siku ya nne kakuta nshamaliza, kapima, kaomba maji ya kunywa, kaondoka. Ruta nyota 4, huduma kwa wateja 1, na hiyo moja ni ya fundi, mstaarabu yule.