Mashine pepe "iliyo tayari" na huduma kwa wateja isiyo tayari

Siku hizi nikisoma maneno "ifungue tu uanze kazi" napandwa na hasira. Ndiyo ahadi niliyouziwa na hawa jamaa wa mafunzo ya programu, ambao siwataji jina. Unalipia kozi, unapakua mashine pepe yao, yaani kompyuta nzima inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta yako, na ndani yake unakuta kila kitu: mfumo wa Linux, lugha ya Python, hifadhidata ya PostgreSQL na data za mazoezi. Kwenye kompyuta yako husakinishi chochote zaidi ya VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe. Wazo lenyewe nalikubali, hata leo. Aliyewahi kuhangaika na matoleo mawili ya Python yanayogombana kwenye kompyuta moja anajua kwa nini mtu atoe pesa ili aepukane na balaa hilo.

Na kweli iliwaka. Python inaitika, hifadhidata inaitika, ilimradi uwe ndani. Kasheshe lilianza nilipotaka kufanya kile ambacho mwongozo wao wenyewe unakiagiza katika somo la kwanza la hifadhidata: kuyafungua majedwali kwa programu iliyo kwenye kompyuta yangu, nje ya mashine pepe. Mwongozo unasema andika localhost, yaani kompyuta hiyohiyo unayoitumia, na poti 5432, yaani mlango wa mtandao wa hifadhidata, basi. Nikaandika. Ikakataa.

Wajuzi watacheka hapa, lakini mwongozo huu umeandikwa kwa wanaoanza. Mashine inakuja na mtandao wa NAT, yaani yenyewe inaweza kutoka kwenda intaneti, ila wewe uliye nje huwezi kuifikia mpaka uelekeze poti, yaani uunganishe poti ya kompyuta yako na ya mashine. Hilo halikutajwa popote. Nikaielekeza 5432 ya kwangu iende 5432 ya kule. Sasa muunganisho ukawa unapokelewa kisha unakatwa papo hapo, jambo linalokera kuliko kukataliwa waziwazi.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Niliwapa maneno ya kosa kama yalivyo, mipangilio ya mtandao, na maelezo ya nilichokwisha kujaribu. Jibu lilijivuta, na lilipofika likaniambia niongeze RAM. RAM! Seva haijalemewa, imenikatia tu. Nikajibu kwa adabu, adabu ambayo leo naijutia, nikauliza swali moja: PostgreSQL mliyoiweka humu inasikiliza anwani ipi? Ndipo likaja hili:

"Wanafunzi wetu wengine hawana tatizo hili. Tunakushauri uanze na kozi yetu ya misingi ya kompyuta."

Na mwishoni aliyenijibu akabandika kale kauso kanakotabasamu.

Jamani. Sikuuliza kompyuta inawashwaje. Mtu mwenye mashine ile mbele yake anahitaji amri moja tu kulijibu swali langu, na kama hajui angesema "ngoja nimuulize fundi", nami ningesubiri bila kinyongo. Badala yake nauziwa kozi nyingine! Lile jibu lingekuja bila kale kauso labda ningelimeza. Labda.

Basi nikachimba mwenyewe. Amri ya ss -ltn, inayoorodhesha anwani na poti zinazosikilizwa, ikaonyesha 127.0.0.1:5432, maana yake seva inawasikiliza waliomo ndani tu. Hivyo ndivyo PostgreSQL inavyokaa mpaka uibadilishe, na inakaa hivyo kwa usalama, kwa hiyo walioitengeneza siwalaumu. Aliyeifungasha kwa ajili ya wanafunzi, akijua fika kwamba mwongozo utawatuma waifikie kutoka nje, ndiye aliyepaswa kuligusa hilo. Nikabadilisha listen_addresses, mpangilio wa anwani ambazo seva inasikiliza, kwenye faili la postgresql.conf, nikaizima seva na kuiwasha upya, maana kwa badiliko hilo kupakia mipangilio upya hakutoshi, nikajaribu tena. Safari hii kosa lilikuja tamu kabisa: hakuna mstari wa pg_hba.conf, faili la kuamua nani anaruhusiwa kuingia, unaomruhusu mteja anayetoka 10.0.2.2. Hiyo ndiyo anwani ya kompyuta yangu inavyoonekana kutoka ndani ya NAT. Nikaongeza mstari mmoja wa anwani hiyo pekee, kwa scram-sha-256, njia ya kuhakiki nywila kwa usalama, nikaweka na nywila, kwa kuwa hata nywila mwongozo ulisahau kuitaja. Majedwali yakafunguka.

Yaani seva imenieleza kinachokosekana, imenitajia faili la kukirekebishia, na imenionyesha natokea wapi. Binadamu anayelipwa kunisaidia ameniambia nikasome misingi.

Tusidhulumiane, lakini. Baada ya hapo nilifurahi. Mazoezi yao ya SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, ni mazuri, hasa yale ya kuunganisha majedwali, ambayo hayakupi jibu mpaka ulitafute. Na uzuri wa mashine pepe ni kwamba unahifadhi hali yake kabla ya kuchokonoa, kikiharibika kitu unarudi ulipokuwa bila kuigusa kompyuta yenyewe. Nilikuwa nimekwisha kuamua nyota tatu. Nne, kama moyo ungeniruhusu.

Halafu wakatoa toleo jipya la mashine. Maelezo ya toleo: "maboresho madogo". Nikachungulia listen_addresses, imebadilishwa, inasikiliza kote. Nikafungua pg_hba.conf, nikakuta wameruhusu watumiaji wote, hifadhidata zote, kutoka 0.0.0.0/0, kwa trust. Kwa asiyejua: mtu yeyote, kutoka anwani yoyote ya IPv4, bila nywila. Ukibaki kwenye NAT na hujaelekeza poti, hakuna wa nje atakayekufikia. Lakini masomo ya mbele ya kozi hiyohiyo yanamwambia mwanafunzi abadili mtandao uwe wa daraja, na hapo mashine inapata anwani yake kwenye Wi-Fi, na kila aliye kwenye Wi-Fi hiyo anaweza kuingia kama msimamizi wa hifadhidata. Hakuna onyo hata sentensi moja. Mbaya zaidi, mwanafunzi anaondoka akidhani ndivyo kazi inavyofanywa.

Kwa hiyo lile tatizo ambalo "wengine hawana" wamelirekebisha kimyakimya, kwa dawa mbaya kuliko ugonjwa, na sikuambulia hata "samahani".

Nyota moja. Najua mazoezi yanastahili zaidi, na kama wewe unaweza kuhariri pg_hba.conf, nunua, ufute mstari ule kabla ya kitu kingine chochote. Ingawa, kama unaweza kuhariri pg_hba.conf, mashine ya kuandaliwa na wao ya nini? Jitengenezee, PostgreSQL na Linux ni bure. Ila basi utayakosa mazoezi. Sijui, hasira hazijaniisha.

Niliwaandikia tena juu ya ile trust. Hawakujibu. Tiketi wameifunga, na mbele yake wameandika "imetatuliwa".