Boksi lipi la upelelezi ulinunue kwanza?

Mchezo wa kwanza wa mezani wa upelelezi tulioununua sisi ulikaa juu ya kabati miezi minane. Haukuwa mbovu. Tulikuwa watu sita sebuleni, kijitabu kimoja cha Kiingereza, na shemeji mmoja aliyekisoma haraka kuliko wote. Alisoma, akatutafsiria nusu, akafikiri, akaamua, kisha akatutangazia muuaji. Sisi wengine tulimaliza karanga.

Kwa hiyo orodha hii sikuipanga kwa nyota za wauzaji. Katika michezo hii wote mezani ni timu moja: hakuna anayemfunga mwenzake, mnapambana na kesi. Ugonjwa wake ndio huo, mchezo kugeuka wa mtu mmoja na watazamaji wake. Na kwa kuwa maboksi mengi yanatufikia kwa Kiingereza, anayeshika usukani si lazima awe mwenye jicho la upelelezi; mara nyingi ni yule tu anayesoma upesi. Nimepanga kwa swali moja: je, kila aliyekaa atakuwa na kazi ya kufanya?

Kabla sijaanza, ukimwagiza ndugu aliye Ulaya "mchezo wa upelelezi" bila kutaja jina, usishangae akikuletea Cluedo. Ni mchezo wa heshima zake. Aliubuni Mwingereza Anthony Pratt wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ukaingia madukani 1949. Lakini humo kila mtu anaficha karata zake na kumwinda mwenzake. Si wa timu.

1. MicroMacro: Crime City

Hili ndilo la kununua kwanza, na sina shaka. Ndani kuna ramani moja ya mji mzima, iliyochorwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, sentimita 75 kwa 110, imejaa vijitu vidogo mno wanaofanya kila aina ya vituko. Siri yake ni kwamba mtu yuleyule amechorwa zaidi ya mara moja, kwa nyakati tofauti. Hapa amelala chini, amekufa. Mtaa wa pili yuko hai, anatembea. Nyuma zaidi kuna mtu amejibanza kwenye kona anamwangalia. Mnamfuata kinyumenyume kwa kidole mpaka mjue nani alimfanya nini na kwa nini. Kesi ziko 16, kila moja ina kadi chache zenye swali fupi, na swali hilo unaweza kulitamka kwa Kiswahili hata bila kujiandaa.

Johannes Sich aliyeubuni alipata tuzo kubwa ya Ujerumani, Spiel des Jahres, mwaka 2021. Mimi tuzo yangu nilimpa siku mama, ambaye Kiingereza hakimhusu kabisa, alipomwona mwizi kabla yetu sote.

Boksi linasema mwisho watu wanne. Sisi tunaitandika sakafuni juu ya mkeka na tunaenea sita, vichwa vikigongana. Mwanga uwe wa kutosha, maana kioo cha kukuzia kilichomo ni kidogo. Jambo moja zaidi: michoro inafanana na ya watoto, ila humo kuna mauaji na kuna fumanizi. Mtu mzima azipitie kadi kwanza. Boksi la pili, Full House, limeweka alama kwenye kesi ili mzazi ajue ipi ina nini.

2. Mysterium

Huu ni kwa wale wasiopungua watano kila wakikutana. Unachukua mpaka watu saba, na ukishajua kanuni hakuna cha kusoma. Mmoja ni mzimu wa mtu aliyeuawa, na mzimu hasemi. Anawapa wengine kadi zenye picha za ajabuajabu, kama ndoto, na kila mmoja anajaribu kukisia kupitia picha hizo mshukiwa wake, mahali pake na kifaa chake. Mna saa saba za mchezo, yaani raundi saba. Mmoja akibaki nyuma, mmeshindwa wote, kwa hiyo hata mwenye haraka analazimika kumsaidia mwenye kusuasua.

Waliubuni Oleksandr Nevskiy na Oleg Sidorenko wa Ukraine, na toleo linalojulikana zaidi ni la kampuni ya Libellud ya Ufaransa, la 2015. Uzuri wake mwingine ni kwamba hauishi: kadi zikichanganywa upya, kesi ni mpya. Ubaya ni kwamba mwenye kupenda ushahidi wa kupanga hoja kwa hoja atanung'unika. "Ndege mweupe ana uhusiano gani na mpishi?" Hana. Mzimu alikuwa na kadi mbaya tu.

Kwenye nyumba ambayo habari za mizimu hazipendezi, mwiteni shahidi bubu. Mchezo haubadiliki.

3. Sherlock Holmes Consulting Detective

Nakiri kuwa huu ndio ninaoupenda kuliko yote, na bado nauweka wa tatu. Ulitoka mara ya kwanza 1981, na 1985 ukachukua Spiel des Jahres. Boksi la kuanzia ni The Thames Murders & Other Cases, lenye kesi kumi. Hamna dadu wala kete. Kuna ramani ya London, kitabu cha anwani, magazeti na vijitabu vya kesi. Mnasomewa tukio, kisha mnaachwa: mnataka kwenda wapi? Mnatafuta anwani ya mtu, mnafungua aya yake, mnasoma alichosema. Hakuna anayewaambia kuwa njia hiyo ni ya bure. Gazeti lina matangazo na habari ndogondogo, na mstari mmoja humo unaweza kuwa ndio ufunguo, au usiwe kitu. Tena magazeti ya kesi za nyuma huweza kuhitajika mbele, kwa hiyo chezeni kwa mpangilio.

Kazi ni kusoma, na Kiingereza chake ni cha kizamani. Hapa ndipo shemeji anapotawala. Dawa tuliyoipata: mmoja ashike ramani, mwingine kitabu cha anwani, mwingine gazeti, mwingine aandike. Msomaji akimaliza aya, jirani yake wa kulia aieleze upya kwa Kiswahili bila kuitazama. Anachokisahau, wengine wanamkumbusha, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Na kutafsiri kwenyewe ni upelelezi. Kiingereza kina neno moja tu kwa mjomba, ami na baba mdogo. Usiku mmoja wa kesi ya urithi tulibishana nusu saa nzima: huyu mzee ni wa upande wa mama au wa baba? Aliyeandika kesi pengine hakuwahi kulifikiria, lakini sisi kwa swali hilo tulirudi kusoma upya aya ambayo msomaji wa Kiingereza angeipita mbio.

Mwisho mnajibu maswali, kisha Holmes, yule mpelelezi wa hadithi, anawaeleza kwa majivuno jinsi alivyomaliza kesi kwa kutembelea sehemu chache tu, nanyi mnakatwa alama kwa kila mahali mlipozidisha. Ziacheni hizo alama. Mtakata tamaa bure.

4. Chronicles of Crime

Wa 2018, wa David Cicurel. Unatumia simu: kila mtu, kila kitu na kila mahali ni kadi yenye msimbo wa QR. Unaielekeza kamera kwa shahidi, kisha kwa kisu, na shahidi anasema anachokijua kuhusu kisu. Sehemu tamu ni eneo la tukio: mmoja anazungusha simu kuangalia chumba, anataja anachoona, na wenzake wanakimbilia kutafuta kadi zake. Kadi ni zilezile kwa kesi zote, na kesi nyingine huongezwa kwa kununua kwenye programu yenyewe.

Tatizo ni hilohilo la usukani, safari hii usukani ni simu. Izunguke kila baada ya mahojiano mawili. Pakueni kesi mapema, bando lisije likakata wageni wameshakaa. Na msizidi wanne.

5. Exit

Boksi dogo, bei nafuu kuliko yote hapa, linaenea kwenye begi la yeyote anayesafiri. Mfululizo huu wa Inka na Markus Brand ulipata tuzo ya Kennerspiel des Jahres 2017. Mengi ni ya kujinasua mlipofungiwa. Ukitaka mauaji, chukua Dead Man on the Orient Express. Utakata kadi, utakunja, utachora, na mwisho utatupa. Usiku mmoja, basi.

6. Detective: A Modern Crime Board Game

Wa mwisho, na si kwa ubaya. Ignacy Trzewiczek wa Poland ametengeneza kesi tano zinazoshikana, na mnaingia kwenye tovuti ya polisi wa kubuni kupekua mafaili. Inahitaji intaneti muda wote, umeme usiokatika, saa mbili mpaka tatu, na mezani watu wote wawe wasomaji wazuri. Mkiwa navyo hivyo vyote, upandisheni mpaka wa tatu.

Ukinunua mtumba

Nambari 1 mpaka 4 zinanunulika zikiwa zimetumika, na inalipa, maana boksi la kesi likimalizwa halina kazi tena kwa mwenyewe. Exit usilinunue mtumba kamwe. Kwa MicroMacro angalia mikunjo ya ramani, isiwe imechanika. Kwa Sherlock fungua magazeti moja baada ya jingine mbele ya muuzaji. Langu nililipata kwa bei nzuri sana, bila kulifungua. Kwenye kesi ya tatu, mtu alikuwa amezungushia jina moja duara kwa penseli, akaweka alama ya vyema. Chai ilikuwa bado haijachemka.