Kliniki ya kumbukumbu, Moshi: walimpima mama bila kumpa kalamu

Nawapa nyota nne, na sababu kubwa ni njiti za kiberiti.

Hospitali ya kwanza ilimpa mama karatasi na kalamu, ikamwambia achore saa. Mama hakuwahi kukanyaga darasani. Amelima kahawa na migomba Machame maisha yake yote. Alishindwa, wakaandika Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, tukarudi nyumbani na jina la ugonjwa tu.

Hapa muuguzi alimwamkia, akapanga njiti nne mezani, akazivuruga: "Mama, hebu nipangie kama zilivyokuwa." Akapanga! Kisha ataje wanyama kwa dakika moja, aseme leo ni siku gani, akumbuke maneno kumi aliyosomewa. Kipimo hicho kinaitwa IDEA, na kimetokana na utafiti uliofanyika kwetu Hai, kwa kuwafikiria wazee ambao hawakusoma.

Ila IDEA inachuja tu wenye dalili za demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili; haisemi ni ya aina gani. Hiyo ni kazi ya daktari, na huyu hakuwa na haraka. Mama alipokwama kwenye maneno alimdokezea: "Kimoja ni kitu cha kula." Likatoka. Daktari akanieleza kwamba mwenye Alzheimer mara nyingi hata ukimdokezea neno halirudi, maana halikuhifadhika kabisa. Mama maneno anayo, kuyafikia ndiko kunakomchelewesha. Ukiongeza presha ya miaka mingi, na jinsi anavyoshuka ghafla, akatulia, kisha akashuka tena, daktari akashuku mishipa ya damu ya ubongo. Picha ya CT ikaonyesha alama za viharusi vidogo.

Aliuliza pia kama mama huona watu wasiokuwepo au hurusha mateke usingizini, akiangalia demensia ya Lewy, aina nyingine yenye dalili hizo, na kama tabia ilibadilika kabla ya kumbukumbu, maana huanza hivyo ugonjwa ukishika sehemu ya mbele ya ubongo. Sasa nguvu zote tumezielekeza kwenye presha.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya chumba. Mlango ulikuwa wazi, na majina ya wagonjwa yakiitwa kwenye korido huku mama akijaribu kushika maneno kumi. Mzee anapimwa umakini katikati ya kelele? Warekebishe.

Mkienda, bebeni miwani yake, dawa zake zote, na mtu anayelala naye nyumba moja. Huyo ndiye atakayehojiwa zaidi.