Roho nzuri, moyo mbovu: spanieli wadogo wa kufuga nyumbani, nani namba moja

Tangu tulete mbwa nyumbani naulizwa kila wiki, katika mbwa wadogo wa aina ya spanieli nani anafaa kufuga ndani, sasa naandika mara moja yaishe. Tunaishi Uingereza, nyumba ndogo, watoto wawili, na mama mkwe huja anakaa miezi miwili mitatu. Watoto waliganda wanataka spanieli mdogo, basi ikabidi baba mtu nikae chini nisome. Nawapanga kama mi nilivyowaona.

Namba moja Cavalier King Charles, ila kwa sharti, na sharti lenyewe nalieleza hapo chini usiliruke. Ana kilo 6 mpaka 8 hivi, masikio marefu yananing'inia, na anapenda watu mpaka basi, yaani mwizi akiingia nadhani huyu atamwonyesha friji iko wapi. Akitembezwa saa moja kwa siku karidhika, na mvua ikinyesha anakuangalia kama anauliza kwani lazima twende. Rangi ziko nne: nyeupe yenye mabaka ya kahawia-nyekundu ambayo wanaiita Blenheim, ya rangi tatu, nyekundu tupu, na nyeusi yenye kahawia. Rangi ichague mwisho kabisa.

Shida yake ni moyo. Vijibwa vya aina hii alikuwa navyo mfalme Charles wa Pili, baadae watu wakawazalisha pua zikawa fupi fupi, mpaka 1926 Mmarekani mmoja, Roswell Eldridge, akatangaza zawadi ya pauni 25 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts kwa atakayeleta mwenye pua ndefu kama wa kwenye picha za zamani. Ndo Cavalier wa leo akaanzia hapo, lakini ukoo ulijengwa na mbwa wachache sana, kwa hiyo ugonjwa wa hao wachache ukawa wa wote. Vali ya moyo inavuja, na wengi daktari anaanza kuisikia wakiwa hata uzee hawajaufikia. Halafu kuna wenye fuvu dogo kuliko ubongo, maji yanajikusanya kwenye uti wa mgongo, utamwona anakuna hewa karibu na shingo bila kugusa ngozi. Norway kesi ilifika mpaka mahakama ya juu, 2023 wakazuia kuwazalisha.

Sasa sharti: usimwangalie mtoto wa mbwa, waangalie wazazi wake. Omba karatasi ya daktari wa moyo, baba na mama wawe wamefika miaka miwili na nusu kabla ya kuzalishwa na moyo safi, na babu na bibi moyo wao uwe ulikuwa safi walipofika miaka 5. Omba na majibu ya MRI, ile picha ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa. Mfugaji akikwambia "daktari kawaona, wako fiti", hiyo sio karatasi, ondoka. Na umwone mama yake hapo hapo walipozaliwa, England tangu Aprili 2020 dalali haruhusiwi kuuza mbwa wa chini ya miezi 6. Mi wa kwanza niliyempigia alitaka tukutane sheli, kwenye parking, eti ni katikati kwa wote. Nikakata simu. Bima ikate siku ile ile unamchukua, maana ugonjwa ukishaandikwa kabla hawaulipii.

Hukupata mwenye karatasi? Basi namba mbili, Cocker wa Kiingereza, ndo anakuwa namba moja yako. Mkubwa kidogo, kilo 12 mpaka 15, mcheshi, mkia hautulii. Ila uliza kama ni wa maonyesho au wa kazi, maana wa kazi kaumbwa kukimbia vichakani siku nzima kufukuza ndege, ukimfungia flati atakula sofa. Masikio yake yanashika fangasi, kila wiki uyaangalie, na manyoya anapunguzwa kila baada ya wiki 6 mpaka 8, hiyo hela ihesabu mapema. Cocker wa Kimarekani ni mdogo kuliko huyu lakini manyoya ndo balaa, na macho yanasumbua.

Namba tatu Papillon, kilo 3 mpaka 5, masikio kama kipepeo na akili nyingi kuliko wote hapa. Kama una mtoto wa miaka mitatu minne muache, akidondoshwa toka kwenye kochi mguu umevunjika.

Namba nne Tibetan Spaniel, ambaye kusema kweli sio spanieli, jina tu. Anakaa dirishani kama mlinzi, ukimwita anakuja akijisikia. Kumpata ni kusubiri.

Wenye wazee wa Pwani nyumbani, ongeeni nao kabla. Mama mkwe ni wa Tanga, mate ya mbwa ni najisi kwake, tukakubaliana chumba chake na sebule ya juu mbwa haingii, tukaweka geti la watoto kwenye ngazi, amani. Kilichonishinda ni yeye kumtupia pilau kwa huruma, na pilau ina kitunguu na zabibu kavu, vyote sumu kwa mbwa.

Wa mwisho ni King Charles mwenyewe, yule wa pua bapa, usimchanganye na Cavalier. Mpole, mzuri, anakoroma kama mzee, na joto likizidi pumzi inamsumbua. Wanaoniuliza kumpeleka Dar, huyo msithubutu.