Bloomburrow kwenye kyubu yangu: waliopata kiti na waliobaki nje

Kyubu yangu ina kadi 360 na haiongezeki. Seti mpya ya mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering ikitoka, kila kadi ninayoitamani lazima niitafutie nyingine ya kuipisha, na kumtoa mtu kwenye kiti alichokalia miaka ni kazi. Ndiyo maana siandiki habari za seti wiki ileile inayotoka. Bloomburrow ilitoka tarehe 2 Agosti 2024, nami nimekaa nayo jioni tisa za drafti kabla ya kuandika neno. Si nyingi, lakini zimetosha kunigeuza mawazo kuhusu kadi mbili nilizozidharau na moja niliyoishangilia kupita kiasi.

Kwa aliyeingia leo: kyubu ni mkusanyiko wa kadi ulizozichagua mwenyewe, moja moja, ili wewe na wenzako mcheze drafti bila kufungua pakiti mpya. Mnachanganya, mnagawa mafungu ya kadi 15, kila mtu mafungu matatu. Unachukua moja, zilizobaki unampa jirani, hivyo hivyo hadi zinaisha. Watu wanane mara kadi 45 ni 360 kamili, na hapo ndipo idadi yangu ilipotoka.

Ila mezani kwetu huwa tuko wanne, na hapo hesabu inakuwa kali. Wanne mara 45 ni kadi 180. Nusu nzima ya kyubu inabaki kwenye boksi. Ukiweka vipanya wanane kwa sababu wanasaidiana, mezani watafika kama wanne, na kati ya hao huenda wawili tu wakakufikia wewe. Kadi inayodai panya wengi imegeuka kadi ya panya mmoja na jirani yake.

Na Bloomburrow ni seti ya koo hasa. Ni ulimwengu usio na binadamu hata mmoja. Koo kumi za wanyama zimegawiwa jozi kumi za rangi: vipanya ni nyekundu na nyeupe, fisi maji ni bluu na nyekundu, popo ni nyeupe na nyeusi, kindi ni nyeusi na kijani, vyura ni bluu na kijani, na kadhalika. Seti ikichezwa yenyewe, kwa pakiti zake, ndugu wanakutana kila mara na raha yake ni kubwa. Kwenye kyubu ukoo unatawanyika. Kwa hiyo kila kadi niliiuliza swali moja tu: ukiwa peke yako, bila ndugu hata mmoja, unafanya nini?

Kipanya Emberheart Challenger alijibu kabla sijamaliza kuuliza. Mana mbili (mana ndiyo malipo ya kushusha kadi), nguvu 3, uhai 2, anashambulia zamu ileile aliyoshuka, na kila unaposhusha kadi isiyo kiumbe anapanda nguvu. Hapo tayari ameshalipa kodi ya kiti chake. Juu ya hayo ana sifa ya ushujaa: akilengwa na kitu chako kwa mara ya kwanza katika zamu, unafunua kadi ya juu na unaruhusiwa kuicheza zamu hiyo. Deki langu la majaribio, yaani kadi nilizochezea, lilikuwa na kadi mbili tu za kumlenga, na bado alikuwa kiumbe bora wa mana mbili niliyekuwa naye. Aliingia siku ya kwanza na hatoki.

Ndugu yake Heartfire Hero nilimkataa palepale nilipomsoma. Mana moja, 1/1 (nguvu 1, uhai 1), akilengwa anapata kihesabio cha +1/+1, yaani nguvu na uhai vinapanda kwa 1. Nikasema kyubu yangu haina kadi za kutosha za kuongeza nguvu, nikamweka pembeni. Rafiki yangu mmoja aliniomba nimrudishe kwa majaribio, na jioni ya tatu akanionyesha nilichokuwa sikioni.

Alimshusha zamu ya kwanza. Zamu ya pili akashusha Bonesplitter, ile zana kongwe ya mana moja inayoongeza nguvu 2, akamvisha kwa mana moja iliyobaki. Kuvisha ni kulenga. Ushujaa ukaamka, kihesabio kikakaa, na kipanya wa mana moja akanipiga 4. Zamu ya tatu akalipa mana moja kumvisha zana ileile aliyokwisha kuivaa! Nilimwomba arudie, nikafungua kanuni, na kanuni zinaruhusu. Zana haiendi popote, lakini kipanya amelengwa, basi anakua. Akanipiga 5, na mana zilizobaki zikamchoma kiumbe wangu wa kuzuia. Zamu ya nne vilevile, akanipiga 6. Kutoka uhai 20 nimebaki na 5, na ndipo mkononi ikaniingia Go for the Throat, kadi ya kuua kiumbe. Niliishika muda mrefu. Heartfire Hero akifa anampiga kila mpinzani kwa kadiri ya nguvu yake, na nguvu yake ilikuwa 6. Nikimuua nakufa sasa hivi. Nikimwacha nakufa zamu ijayo, kwani sikuwa na wa kumweka mbele yake.

Huyo amepata kiti. Lakini nitakuwa simtendei haki msomaji nikisema awekwe kila mahali. Mimi nina zana tano za kuvisha, tatu kati yake kuvisha kwake ni mana moja. Fungua boksi lako uhesabu kabla hujamwingiza. Kama zana ni moja au hakuna kabisa, mwache, atakuwa 1/1 anayesubiri msaada usiokuja.

Niliyemshangilia mno ni Manifold Mouse. Kila unapoanza mapambano kwenye zamu yako analenga panya mmoja wako na kumpa ama kupiga mara mbili ama kupenya wazuiaji. Nilipomwona nikawaza jinsi atakavyomwamsha Heartfire Hero kila zamu bila gharama. Ni kweli anafanya hivyo, wakikutana. Katika jioni tisa wamekutana kwenye deki moja mara moja. Siku nyingine zote alikuwa 1/2 anayejipa mwenyewe kupiga mara mbili, na mpinzani hakuhangaika naye. Nimemtoa, na kumtoa kuliniuma.

Kilichonifurahisha kuliko nilivyotarajia ni uzao. Unaposhusha kiumbe mwenye sifa hii unaweza kulipa mana za ziada, naye akiingia unapata tokeni (kiumbe wa ziada asiyetoka kwenye deki) iliyo nakala yake, ila yenye nguvu 1 na uhai 1. Hii ni sifa iliyozaliwa kwa ajili ya kyubu, maana haihitaji ndugu; kiumbe anakuja na ndugu yake mwenyewe. Mfano mzuri ni Steampath Charger, ambaye ni kadi ya kawaida kabisa, isiyo adimu. Zamu ya pili ni mjusi wa 2/1 anayeshambulia palepale. Ukimvuta zamu ya nne, unalipa mana nne na wanaingia wawili, wote wana haraka ileile, na kila mmoja akifa anampiga mchezaji 1. Kadi za mana mbili kwa kawaida huchacha ukizivuta umechelewa. Huyu hachachi. Iridescent Vinelasher naye ni vivyo hivyo kwa upande mweusi: mana moja mapema, mana tatu baadaye, na kila ardhi (kadi inayotoa mana) unayoweka inamuunguza mpinzani 1, ikiwa tokeni ipo basi 2. Angalizo dogo: andaa tokeni. Mimi nimekata vikaratasi vya ukubwa wa kadi na kuandika jina la kila mwenye uzao, vinakaa kwenye boksi lilelile, la sivyo mtu anatumia sarafu na baada ya zamu tatu hakuna anayekumbuka sarafu ipi ni nani.

Kadi bora ya seti nzima kwa kyubu, kwa maoni yangu, si kiumbe. Ni Stormchaser's Talent. Mana moja ya bluu, inaingia na fisi maji wa 1/1 anayepanda nguvu kila unaposhusha kadi isiyo kiumbe. Kwa mana nne unaipandisha daraja la pili, unarudisha mkononi kadi moja ya papo kwa papo au ya uchawi kutoka kaburini, yaani kwenye rundo la kadi zilizokwisha kutumika. Kwa mana sita daraja la tatu, na kuanzia hapo kila kadi ya aina hizo inakuzalia fisi maji mwingine. Mwanzo wa mchezo ni kiumbe, katikati ni kadi ya ziada, mwisho ni jeshi, na vyote vimekaa mezani kwa mana moja. Nimeiona ikishinda kwenye deki za bluu na nyekundu, bluu na nyeusi, hata bluu na nyeupe iliyokuwa ikicheza taratibu. Kasoro yake ni usomaji. Madaraja matatu yamebanwa kwenye kadi moja kwa herufi ndogo, na mchezaji mgeni anaishika karibu na macho na meza nzima inamsubiri. Weka dadu juu yake ionyeshe daraja, itasaidia.

Caretaker's Talent inatoka familia hiyohiyo, upande mweupe: tokeni yako moja au zaidi ikiingia unavuta kadi, mara moja kwa kila zamu, na zamu ya mpinzani nayo inahesabiwa. Daraja la pili linanakili tokeni yako, na nakala hiyo nayo inakuvutia kadi. Nilihesabu wazalishaji wa tokeni kwenye nyeupe yangu, nikapata kumi na mmoja. Imeingia. Wangekuwa sita ningeiacha.

Kadi za zawadi, zile unazomwahidi mpinzani kitu ili upate zaidi, nimechukua moja tu, Into the Flood Maw. Kwa mana moja unarudisha mkononi kiumbe wa mpinzani. Ukimpa samaki wa 1/1 anayeingia amelala, unaweza kurudisha chochote chake mezani kisicho ardhi. Samaki huyo hajawahi kunigharimu mchezo. Zilizobaki ni nzuri ila nafasi zake zina wenyewe.

Season of the Burrow ni mana tano na una nyayo tano za kutumia utakavyo: sungura kwa wayo mmoja, kuondoa kitu cha mtu kwa nyayo mbili huku mwenyewe akivuta kadi, kurudisha kitu chako cha mana tatu au pungufu kutoka kaburini kwa nyayo tatu. Sijawahi kumwona mtu akiishusha kwa kujuta. Imeingia.

Fountainport ndiyo ya pili niliyoidharau. Ardhi isiyotoa rangi, na kila kazi yake ni ghali: mana tatu na uhai 1 kwa samaki, mana nne kwa tokeni ya hazina, mana mbili na kutoa kafara tokeni ili kuvuta kadi. Niliiona nzito. Kisha jioni ya sita mchezo ukafika mahali wote wawili tumekauka mikono, na mwenzangu akawa anazaa samaki zamu moja, anamgeuza kadi zamu inayofuata, mimi navuta ardhi juu ya ardhi. Haikuchukua kiti cha kadi ya uchawi, ilichukua kiti cha ardhi nyingine, na hilo peke yake lingetosha.

Three Tree City sikuijaribu hata mara moja, inahesabu viumbe wa ukoo mmoja nami sina ukoo. Picha yake ni miongoni mwa picha ninazozipenda zaidi kwenye seti hii, lakini picha haishindi mchezo.

Limebaki la nani aliyempisha Stormchaser's Talent. Ni Delver of Secrets, kiumbe anayegeuka mkubwa na kuruka akikuta kadi ya papo kwa papo au ya uchawi juu ya deki. Amekaa kwenye kyubu yangu tangu nilipoianza. Lakini deki la drafti lina kadi 40, na mchezaji mzuri wa bluu anafika na kadi tisa hivi za papo kwa papo na za uchawi. Tisa kwa arobaini haifiki robo. Kila asubuhi ya zamu Delver anatazama kadi ya juu, na zaidi ya mara tatu kwa nne anabaki alivyo, 1/1 asiyeruka. Nimeyajua haya muda mrefu, sikuwa na wa kumweka mahali pake. Jana usiku nilimtoa kwenye kifuko chake, nikakikagua kama kina mkwaruzo, kikawa kizima, nikamwingiza fisi maji.