Walinifungashia Jiko Zima, Wakanivunjia Chungu

Naandika haya nikiwa nimeshatulia, au ndivyo ninavyojiambia, kwa kuwa mara mbili nilizoanza kuandika kabla ya leo nilijikuta nikitumia maneno ambayo mtu mzima hapaswi kuyaacha mahali watoto wake wakayasoma. Jambo lenyewe ni dogo. Siku moja au mbili kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama tulihama kutoka Mkomani, mtaa wa Lamu mjini, kwenda Shela, kijiji cha kisiwa hichohicho, nikawalipa watu wa kufungasha na kuhamisha vyombo ili jiko langu lifungwe, literemshwe, livushwe na lifike salama. Jina lao sitalitaja. Lamu ni mji mdogo, na anayewajua amekwisha kuwajua.

Jiko letu la Mkomani lilikuwa juu kabisa, kidari cha meko kama wasemavyo wazee, kwa sababu waliojenga nyumba za mawe waliona ni heri moshi upate njia yake huko darini na vyumba vya chini visalie na ubaridi wao. Kwa mpishi ni jiko jema, lakini kwa anayehama ni adhabu. Kila kijiko lazima kiteremke ngazi za mawe zenye vidato visivyolingana na kona zisizomhurumia mtu mnene, na ukishafika chini unakutana na vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hawapishani mpaka mmoja arudi kinyumenyume. Gari halina njia. Chombo hutoka mikononi mwa mtu kikaingia kwenye shogi la punda, kikatoka kwenye shogi kikaingia mashuani, kikatoka mashuani kikapandishwa punda mwingine upande wa pili, na kila kinaposhikwa ni nafasi nyingine ya kuvunjika. Mume wangu alisema tufunge wenyewe kwa kanga kuukuu kama walivyofanya mama zetu. Nilimkatalia, na nakiri hapa mbele ya watu ili asipate haja ya kunikumbusha tena nyumbani.

Siku ya kufungasha walinifurahisha, na nisipolisema hilo nitakuwa nimedhulumu. Walikuja vijana wanne na msimamizi wao, na wale vijana wanaijua kazi. Sahani hawakuzilaza. Walizisimamisha kwa ubavu ndani ya katoni, kila moja na karatasi yake, kwa kuwa sahani iliyolazwa hubeba uzito wa wenzake wote na mtikisiko mmoja huipasua katikati, ilhali iliyosimama huupokea mtikisiko ukingoni, penye nguvu. Bilauri walizishindilia karatasi tumboni kabla ya kuzivika nyingine kwa nje. Chupa za achari na samli walizifungua, wakatandaza nailoni mdomoni, kisha wakakaza kifuniko juu yake, ujanja ambao nilikuwa siujui na ambao nimeuiga tangu hapo. Mtungi wa gesi tu ndio waliokuwa wameulaza, na nilipowaambia kuwa husafiri ukiwa umesimama na koki imefungwa, waliusimamisha bila ubishi. Hao vijana ningewaita kesho.

Msimamizi ndiye aliyenitia shaka mapema. Alivuka kizingiti na simu sikioni, salamu akaitoa kwa nusu ya mdomo, na alipoifikia mbuzi ya nazi, kifumbu na ungo, aliuliza, "Na hivi pia vinaenda?" Nikamjibu kuwa vinaenda. Akaniarifu kwamba siku hizi tui linauzwa la pakiti. Sikumjibu, nikidhani kuwa nimenunua huduma na si mazungumzo yake.

Sasa nifike kwenye chungu. Sikukirithi kwa bibi yangu wala hakikuwa na hadithi yoyote ya kusimulia wageni. Nilikinunua mwenyewe, zamani, kwa bei nisiyoikumbuka. Kilikuwa chungu cha kiasi, cheusi chini kama kiatu kilichopigwa rangi, chenye pengo dogo mdomoni pale binti yangu alipokipiga upawa alipokuwa akijifunza kupika. Mtu asiyepikia chungu hawezi kujua kwamba kipya hakifai kitu. Kipya hulowekwa maji usiku kucha, hupakwa machicha ya nazi, hutiwa moto mdogo, hupoa, hurudiwa, na hata baada ya hayo yote mchuzi wa kwanza na wa pili huwa na ladha ya udongo. Vitundu vidogo vya udongo hunywa mafuta ya tui polepole, mchuzi baada ya mchuzi, mpaka siku moja unagundua kwamba samaki wako ametulia na hujui ni lini alitulia. Changu kilinichukua miaka kukifikisha hapo. Ukikiinamia kikavu, kabla hujatia chochote, kilinukia ndimu na bizari.

Kwa hiyo nilikitenga. Nilikijaza kanga ndani, nikakifunga nyingine kwa nje, nikakiweka juu ya dirisha na kumwambia msimamizi, kwa lugha nyepesi kabisa, kwamba hiki hakiingii katoni wala gunia wala shogi, nitakipakata mwenyewe mashuani. Akasema, "Sawa mama, tulia, hii ni kazi yetu." Naomba msomaji ayashike maneno hayo, kwa maana mimi sijaweza kuyaachilia.

Asubuhi yake tuliagana waje saa kumi na mbili na nusu, maji yakiwa bado yana kina gatini. Huo ulikuwa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, kuanza, mwezi ukiwa umekwisha kabisa, na mtu yeyote wa Lamu anajua kwamba siku hizo maji hujaa alfajiri na ifikapo saa nne yameshakwenda mbali. Walikuja saa mbili. Hawakutoa udhuru. Kilichofuata kilikuwa mbio tu. Vijana walishuka ngazi kama wanaofukuzwa, msimamizi akiwapigia kelele kutoka chini kwamba mashua inamgharimu kwa saa, kana kwamba saa hizo tulizichelewesha sisi. Mimi nilikuwa chumba cha kati nikimvisha mama mkwe wangu buibui na kumtafutia viatu. Niliporudi juu, dirisha lilikuwa tupu. Nilijipa moyo kwamba kijana mmojawapo amekibeba mkononi. Gatini maji yalikuwa chini kabisa, mashua iko chini kule kama iliyo kisimani, mizigo ikapokezanwa kwa mikono juu ya vidato vyenye utelezi, na katikati ya hekaheka hiyo niliuliza mara mbili chungu kiko wapi. Mara zote mbili niliambiwa kipo.

Kweli kilikuwapo. Kilikuwa ndani ya gunia pamoja na kinu na mchi. Narudia, kwa sababu hata sasa nikiandika siamini: mtu alichukua chungu cha udongo, akakitia gunia moja na kinu cha mti ambacho mimi mwenyewe siwezi kukiinua bila kuweka mguu vizuri. Shela, punda walipopanda na mizigo kwenye vile vijia vya mchanga na gunia likateremshwa mlangoni kwetu, lilitoa mlio kama kete zinazomwagwa kwenye bao. Hapakuwa na haja ya kulifungua. Nililifungua hata hivyo, nikazitoa kanga zangu mbili, na vigae vikawa vinadondoka kutoka kwenye mikunjo kimoja kimoja.

Msimamizi alikuja akatazama. Akasema, "Chungu sokoni ni shilingi 300, mama." Kabla sijapata la kumjibu simu yangu ilitoa mlio mfukoni, nikaitazama, nikaona ameshanitumia shilingi 300. Nilikuwa bado nimechuchumaa, kigae kimoja kikiwa mkononi.

Hakusema pole. Hapo ndipo penye kero yangu yote, na anayetaka kunicheka anicheke. Kwetu mtu akijikwaa njiani, mpita njia asiyemjua humwambia pole, na si yeye aliyeliweka lile jiwe. Mtu akipiga chafya huambiwa neno. Huyu amenivunjia chombo kwa uzembe wake, baada ya kuagizwa, baada ya kuchelewa saa moja na nusu, naye anayo nafasi ya kufungua simu, kubonyeza namba yangu na kuhesabu fedha, lakini neno la herufi nne limemshinda. Aliyelisema ni ami mwenye punda, mzee wa hapo Shela ambaye walimkodi kwa safari ile tu, kwa hiyo sifa zake siwapi wao. Aliliacha punda lake limesimama, akainama nami, akasema, "Pole sana, mwanangu. Hiki kilikuwa chungu." Kisha akachagua kigae kimoja kipana, akakipangusa kwa kikoi, akanishauri nisikitupe, nikitilie makaa ya ubani.

Nimejaribu kuwa mwadilifu. Nilipofungua katoni zilizosalia, bilauri zote 24 zilikuwa nzima. Sahani zote zilikuwa nzima, hata ile pana ya pilau ambayo nilikuwa nimeshaiaga moyoni. Achari haikuvuja tone. Buli la kauri ambalo mume wangu mwenyewe alilivunja mkono tulipohama mara iliyopita, na tukaligundisha, lilifika na mkono wake. Kwa hesabu ya vyombo, basi, walifaulu kwa kiwango ambacho kwa kanga zetu kuukuu tusingekifikia, na kuna siku, hasa asubuhi kabla sijaingia jikoni, najiambia kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba kitu unachokipenda hukiachi dirishani ukaenda kutafuta viatu. Nilikuwa tayari kabisa kuandika kwamba huduma ni nzuri na kasoro ni moja. Kisha likaja futari la kwanza. Nilipika samaki wa nazi kwenye sufuria, tui likakatika, nikasimama mbele ya lile tui lililokatika nikimsikia msimamizi akisema "tulia", na yote niliyokuwa nimeyasamehe yakarudi kama yalivyokuwa.

Jirani yangu wa zamani wa Mkomani anahama baada ya Idi na ameniomba namba yao. Nimempa. Nimempa kwa sababu ngazi zake ni mbaya kuliko zangu na ana bilauri nyingi, na wale vijana wanne sijaona mfano wao. Lakini nimemwambia amwombe msimamizi abaki ofisini na simu yake, alipe nusu tu kabla mashua haijang'oa nanga, na chungu chake akiweke mapajani tangu alfajiri, hata kama atakaa nacho saa tatu kama mwari.

Chungu kipya nimeshakinunua. Kiko hapa kinaloweka, usiku wa pili huu, na maji yake bado yanatoka mekundu. Muuzaji alikataa kabisa kupunguza bei, nikatoa shilingi 350. Kwa hiyo yule msimamizi, kama atayasoma haya, ajue kwamba hata hesabu aliyoifanya haraka vile hakuipata, na shilingi 50 zangu bado nazidai.