Menyu, slaidi na bei ya mafuta: programu nilizobaki nazo

Bei ya mafuta ya kupikia ikipanda asubuhi, menyu yangu imezeeka kufikia jioni. Napika chakula cha harusi, ruracio (sherehe ya mahari ya Wagĩkũyũ) na mikutano ya ofisi, jikoni ni South B, Nairobi, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikitengeneza mwenyewe kila karatasi inayotoka kwenye biashara hii: menyu, orodha ya bei, kadi, bango la kusimamisha kando ya meza ya chakula, na slaidi za kuonyesha ofisi zinazotafuta mpishi. Wenzangu wa kazi hii huniuliza ni programu ipi iliyo bora. Mimi huwauliza kwanza: bei ikibadilika Jumanne, ni nani ataibadilisha, na mkononi atakuwa ameshika nini?

Kwangu atakayeibadilisha ni kijana anayeninunulia mboga, naye huwa ameshika simu. Ndiyo maana menyu yangu iko Canva. Programu hii ya kupangia kurasa na picha ilianzia Australia mwaka 2013, na hufanya kazi kwenye simu na kwenye kivinjari cha kompyuta bila kuhitaji mashine yenye nguvu. Nilipanga ukurasa wa A5, nikampa kijana ruhusa ya kuhariri, basi. Akiwa sokoni Marikiti na kuona kreti ya nyanya imepanda, ananipigia, tunakubaliana bei ya sahani, anaigusa pale pale. Kabla matatu haijafika Nyayo Stadium, mteja ameshapata menyu mpya. Hakuna programu nyingine niliyoijaribu iliyoniwezesha kufanya hivyo, na hilo tu limeniokoa na hasara nyingi kuliko urembo wowote.

Toleo la bure linatosha kwa kazi hiyo. Vitu vilivyofungiwa upande wa kulipia ni kama kuondoa mandhari ya nyuma ya picha, kubadilisha kazi nzima iwe ya ukubwa mwingine kwa mguso mmoja, na kupakua picha isiyo na rangi ya nyuma. Ushauri wangu ni huu: piga picha za sahani zako zote kwa siku mbili, lipia mwezi mmoja, safisha picha zote, zihifadhi kwako, kisha simamisha malipo. Mimi nilifanya hivyo kabla ya msimu wa harusi za Desemba na picha zile bado nazitumia.

Jihadhari na violezo, yaani kurasa ambazo Canva imekupangia tayari. Ni vizuri mno, na kwa sababu hiyo kila mtu anavichukua. Kwenye maonyesho moja ya harusi niliona meza tatu zenye majani yale yale ya kijani yakizunguka majina matatu tofauti. Nilirudi nyumbani nikaanza na ukurasa mtupu: fonti mbili, rangi ya manjano ya bizari, picha moja kubwa ya pilau. Haikuwa kazi ya kitaalamu, lakini mteja akiiona anajua ni yangu.

Sasa karatasi, ambapo pesa hupotea kweli. Skrini huchanganya mwanga wa nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapa huchanganya wino wa rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kuna rangi ambazo mwanga unazitoa na wino hauwezi kuzifikia, hasa machungwa makali na kijani cha kung'aa. Nilipeleka vipeperushi 500 vyenye machungwa ya kuwaka, vikarudi na rangi ya tofali. Niliumia sana, maana ile ilikuwa pesa ya mchele. Canva hutoa faili la rangi za wino kwa wanaolipia tu. Wa bure hupata faili la rangi za mwanga, na ubadilishaji hufanyika baadaye, mtu akiwa hauoni. Ukitaka kulidhibiti hilo mwenyewe bila kulipa, iangalie Affinity, ambayo Canva waliinunua mwaka 2024 na tangu mwishoni mwa 2025 inatolewa bure. Inafanya kazi na rangi za wino tangu mwanzo, ila inataka kompyuta na inataka ujifunze.

Kwa wino niliondoa machungwa, nikabaki na bizari, ambayo hutoka karibu kama ninavyoiona. Pia sichapi tena nakala nyingi kabla ya kushika moja mkononi, nje ya duka, kwenye mwanga wa jua. Ukurasa nauongezea milimita 3 kila upande ili kisu kikikata kisiache mstari mweupe. Maduka ya uchapishaji ya River Road na Kirinyaga Road yana vijana wanaoijua CorelDRAW, programu ya kuchora na kupangia kurasa za kuchapa, kama mimi ninavyojua sufuria zangu, na watakutengenezea faili vizuri ukiwapelekea kitu cha maana. Wa kwanza kunifundisha alinitazama tu akasema, "Mama, hii picha ya WhatsApp imekufa. Leta PDF." Alikuwa sahihi. WhatsApp huikamua picha ili iwe nyepesi, kwa hiyo hata PDF yenyewe itume kama faili, au ipeleke kwa flashi.

Kuna jambo ambalo sijaona mtu akilizungumzia, nalo hapa Nairobi ni kubwa. Mzee mmoja alikuwa akimwandalia bintiye ruracio, akataka menyu iandikwe kwa Gĩkũyũ: mũkimo, mũtura, gĩtheri. Nilikuwa nimechagua fonti moja ya mapambo, nyembamba, ya kupendeza. Haikuwa na ũ wala ĩ. Programu ikazijaza herufi hizo kutoka fonti nyingine, zikasimama nene katikati ya neno jembamba kama meno ya kuazima. Nilimwomba mzee tuziondoe zile alama. Akanijibu kwa upole, "Mama, hiyo herufi iko na kofia yake." Nilikubali, kwa sababu jina la chakula cha watu si pambo langu la kukata. Tangu siku hiyo, kabla ya kuipenda fonti yoyote naandika kwanza mũkimo na gĩtheri nione. Fonti za Noto Sans ya Google na Gentium ya shirika la lugha la SIL zinazo herufi zote, na zote mbili ni bure.

Slaidi ni habari nyingine. Ofisi zinapotaka mpishi wa mwaka mzima, anayeamua huwa hayupo mkutanoni. Karani huchukua faili lako, akalipeleka kwa mkubwa wake, na mara nyingi huomba la PowerPoint. Nimebaki na PowerPoint kwa sababu hiyo. Ni kongwe, ya 1987, ilianza kwenye Macintosh, na karibu kila kompyuta ya ofisi inaifungua. Lakini fonti isiposafiri na faili, maandishi huruka. Ilinitokea kwenye ofisi moja ya Upper Hill: orodha ya bei iliyokuwa imekaa sawa kwangu ikashuka mistari miwili, bei ya kuku ikaangukia mstari wa samaki, mbele ya watu sita. Sasa ninaziweka fonti ndani ya faili kupitia mipangilio ya kuhifadhi, na nabeba PDF ya slaidi zile zile.

Ukitaka kutengeneza karatasi ya A4 kwa PowerPoint, usichague A4 kwenye orodha ya vipimo. Inakupa sentimita 27.5 kwa 19, ndogo kuliko karatasi yenyewe. Andika 21 na 29.7 kwa mkono.

LibreOffice Impress iko kwenye laptopu yangu ya zamani. Ni ya bure, inafungua mafaili ya PowerPoint, na siku nisipokuwa na bando hainiulizi kitu. Mistari husogea kidogo ukihama kutoka moja kwenda nyingine, basi pitia kila slaidi kabla ya kutuma. Google Slides naifungua tu mimi na mhasibu wangu tunapoandika bei pamoja, yeye akiwa Rongai.

Kilichonisumbua mwisho ni nembo. Fundi wa tarizi alitaka kuishona kwenye aproni kumi na mbili, akaniomba faili ambalo halivunjiki likikuzwa. Nilikuwa na picha ndogo tu. Nikapakua Inkscape, programu ya kuchora kwa mistari inayokuzwa bila kuharibika, ya bure pia, nikakaa nayo jioni mbili baada ya kuosha vyombo, nikaichora upya nukta kwa nukta: sufuria, mvuke, jina. Siku ya tatu nilimpelekea, akaikuza mpaka mvuke peke yake ukajaza skrini yake, na ukingo ukabaki laini. Aproni nazichukua Ijumaa.